Mafundi wa Tovuti na Kumbukumbu ya Taifa

Historia ya kazi katika nchi yetu ina rafu yake maktabani. Tunazo tafiti kuhusu manamba wa mashamba ya mkonge, kuhusu makuli wa bandari ya Dar es Salaam na mgomo wao wa mwaka 1947, kuhusu wafanyakazi wa reli na wakulima wa pamba na kahawa. Ninafundisha sehemu ya historia hiyo kila mwaka, na kila mwaka haikosi mwanafunzi anayeniuliza: kazi tutakazofanya sisi zitaandikwa lini? Swali hilo linastahili jibu, kwa sababu kazi isiyoandikwa ni rahisi kudharauliwa, na mfanyakazi anayedharauliwa ni rahisi kupunjwa.

Makala haya yanamhusu mmoja wa wafanyakazi hao: fundi wa tovuti. Kwa majuma sita nilipewa ruhusa ya kukaa katika ofisi ya kampuni ndogo jijini Dar es Salaam, yenye watu saba na vyumba viwili kwenye ghorofa ya tatu. Waliniomba nisitaje jina la kampuni wala la mteja yeyote, nami nimelitimiza ombi hilo. Nilikwenda nikitaka kujua jinsi kazi yao inavyofanyika. Nimerudi na swali la kisiasa: ni nani mwenye mali ya vile vinavyojengwa pale, na vitakuwa wapi miaka thelathini ijayo?

Zana za umma, ardhi ya kupanga

Tuanze na zana, maana huwezi kueleza historia ya seremala bila kueleza randa na msumeno wake vilitoka wapi. Machi 1989 Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN, karibu na Geneva, aliwasilisha pendekezo la kuunganisha nyaraka za watafiti kwa viungo. Kutokana na pendekezo hilo ikazaliwa wavuti. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ilitangaza kwamba programu ya wavuti ni mali ya umma na kwamba yeyote anaweza kuitumia bila kulipa. Chombo kikubwa cha mawasiliano cha kizazi chetu kilianza maisha yake nje ya soko, kwa tamko la taasisi inayoendeshwa kwa fedha za umma.

Zana zilizofuata zilishika njia hiyo hiyo. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Kifini, Linus Torvalds, alitangaza mfumo wa Linux, ambao leo unaendesha sehemu kubwa ya seva za dunia. Mwaka 1995 Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, alitoa lugha ya PHP, ambayo mwanzoni ilikuwa mkusanyiko wa programu ndogo za kuhudumia ukurasa wake binafsi. Mwaka huo huo hifadhidata ya MySQL ilianza nchini Sweden. Mei 2003 ikatoka WordPress, iliyomwezesha mtu asiyejua msimbo kuchapisha makala yake. Mwaka 2005 Torvalds akatengeneza Git, programu inayotunza kila badiliko la msimbo pamoja na jina la aliyelifanya na saa aliyolifanya.

Hizo ndizo zana nilizozikuta katika kampuni ile, na hakuna hata moja iliyonunuliwa. Kijana wa Temeke mwenye kompyuta ya mitumba anashika zana zile zile zinazoshikwa na mwenzake wa Chicago. Katika historia ya uchumi wetu jambo hili ni la kipekee. Kiwanda cha nguo kilihitaji mitambo ya kuagiza na mkopo wa kuilipia. Kiwanda cha tovuti kimehitaji umeme, mtandao na subira.

Lakini zana ni jambo moja na ardhi ni jingine. Tovuti lazima ikae mahali, yaani kwenye seva, na seva za kampuni ile zimepangwa Ulaya na Marekani. Kodi hulipwa kila mwezi kwa dola, kwa kadi ya benki. Shilingi inaposhuka, kodi inapanda bila mwenye nyumba kutamka neno. Fundi ana nyundo yake mwenyewe, ila nyumba anaijenga katika kiwanja cha mtu. Tofauti hii kati ya zana na ardhi itatusaidia kuelewa yote yanayofuata.

Kutoka marufuku hadi mkonga wa baharini

Kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Matumizi yake yalizaa hasara na malalamiko, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Leo vijana huucheka uamuzi huo. Mimi huwashauri wasiucheke haraka. Ndani yake mlikuwa na hoja ya kweli: kwamba nchi maskini isinunue mashine ambayo haina watu wa kuimiliki kiakili. Kosa lilikuwa katika dawa iliyochaguliwa, kwa sababu watu hao hawawezi kupatikana mahali ambapo mashine yenyewe haiingii.

Mlango ulipofunguliwa, wavuti ilitukuta tukiunganishwa na dunia kwa setilaiti, kwa gharama kubwa na kasi ndogo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 mikahawa ya intaneti ilienea mijini, na wengi wa mafundi wa kwanza walijifunzia humo, wakilipa kwa dakika. Shule yao ilikuwa wavuti yenyewe. Ukurasa wa wavuti una tabia ambayo redio au gari havina: mtu yeyote anayeufungua anaweza kukiamuru kivinjari kimwonyeshe msimbo wake. Mwenye kampuni ile, ambaye sasa ana umri wa miaka arobaini na kitu, alinieleza kwamba alikuwa akinakili msimbo wa kurasa za watu kwenye diski, anakwenda nao nyumbani, anaubadilisha mstari mmoja mmoja na kutazama ni nini kinaharibika. "Mwalimu," aliniambia, "mimi nimefundishwa na watu mia mbili ambao hawajui kama walinifundisha."

Mwaka 2009 mambo yalibadilika. Mwezi Julai mkonga wa baharini wa SEACOM ulizinduliwa, ukifika Dar es Salaam na Mombasa; mkonga wa EASSy ukafuata mwaka 2010. Hata hivyo tusisimulie kana kwamba mkonga ndio uliowaleta mafundi. Januari 2008, kabla ya mkonga wowote wa aina hiyo kufika pwani yetu, Wakenya na marafiki zao walijenga jukwaa la Ushahidi ndani ya siku chache ili kupokea na kuweka kwenye ramani taarifa za ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Programu hiyo baadaye ilitumiwa katika maafa ya nchi nyingine, ikiwemo Haiti baada ya tetemeko la mwaka 2010. Ujuzi ulikuwepo tayari. Mkonga uliukuta na kuuongezea kasi.

Umeme nao una sura yake katika historia hii. Mafundi wa rika lile wanaikumbuka migawo ya umeme ya mwaka 2006 na 2011 kama wakulima wanavyokumbuka miaka ya ukame. Walifanya kazi usiku kwa sababu umeme ulirudi usiku, na wengine hawajaiacha tabia hiyo hadi leo.

Siku ya kazi

Siku huanza kwa kikao kifupi, watu wakiwa wamesimama na vikombe vya chai mkononi. Kila mmoja hutaja alichomaliza jana, anachofanya leo na kinachomkwamisha. Katika majuma sita niliyokaa pale, kikwazo kilichotajwa mara nyingi kuliko vyote hakikuwa cha kiufundi. Kilikuwa maneno na picha ambazo mteja aliahidi kuleta na hakuleta. Tovuti ya shule inakamilika kwa juma moja, kisha inangoja miezi mitatu historia ya shule iandikwe. Mteja anapoleta maandishi, huja na barua iliyopigwa picha kwa simu, yenye mhuri na sahihi, na dada anayeshughulikia maudhui hukaa na kuichapa upya neno kwa neno.

Kazi yenyewe imegawanyika. Yupo mbunifu anayechora sura ya ukurasa. Wapo wawili wanaoigeuza sura hiyo kuwa msimbo unaosomwa na kivinjari. Wapo wawili wa upande wa seva, wanaoshughulika na hifadhidata, nywila na malipo. Yupo wa maudhui, na yupo mwenye kampuni, ambaye hutafuta zabuni, hudai ankara na kuomba radhi. Juu ya meza moja kuna simu tano za bei nafuu, mbili kati yake zikiwa na vioo vilivyopasuka. Hazikusahauliwa hapo. Kila ukurasa hujaribiwa kwenye simu hizo kabla haujaonekana na mteja, kwa sababu msomaji wa Singida au Newala hataufungua kwenye kompyuta. Picha ya mkurugenzi inayoletwa ikiwa na uzito wa megabaiti nane hupunguzwa hadi iwe ndogo mara hamsini, vinginevyo itakula bando la mwananchi kabla hajasoma neno lolote. Huo ni uamuzi wa haki ya kijamii, ingawa pale ofisini unaitwa kubana picha tu.

Mabadiliko makubwa hupandishwa kwenye seva usiku, wakati wageni wa tovuti ni wachache. Kwanza huchukuliwa nakala rudufu ya hifadhidata. Kisha msimbo mpya hujaribiwa katika nakala ya tovuti isiyoonekana na umma. Ndipo hupandishwa, na watu wawili hukaa wakitazama kumbukumbu za seva kwa saa nzima. Nilikaa nao usiku mmoja. Katika kumbukumbu hizo niliona maombi mfululizo kutoka nchi nisizozidhania, yakibahatisha nywila za tovuti ya hospitali. Niliuliza kama tunashambuliwa. Kijana aliyekuwa zamu akanijibu bila kugeuka: "Kila siku iko hivi, Mwalimu. Ndiyo maana tunasasisha." Nikafikiria taasisi ngapi zimekabidhiwa tovuti na mtu ambaye hajarudi tena kuzisasisha.

Malipo hufuata desturi: nusu mwanzoni, nusu mwishoni. Nusu ya pili ndiyo tabu. Taasisi hukaa na ankara miezi mingi, na katika miezi hiyo mishahara ya watu saba hutoka katika nusu ya kwanza ya mteja mwingine. Vijana wa mafunzo kwa vitendo hufanya kazi halisi kwa nauli ya daladala na chakula cha mchana. Wale wanaoiva huondoka kwenda kufanyia kazi kampuni za nje kwa dola, wakiwa vyumbani mwao. Siwalaumu. Lakini kila anayeondoka huondoka na ujuzi wa tovuti kumi na tano za taasisi zetu, na ujuzi huo aghalabu haukuandikwa popote.

Kiswahili ndani ya msimbo

Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Wengi tuliiona kama mwanzo wa zama. Miongo miwili baadaye, tovuti nyingi za taasisi zetu zina kitufe cha Kiswahili ambacho ukikibonyeza unakutana na ukurasa mtupu, au na ukurasa ule ule wa Kiingereza wenye kichwa kilichotafsiriwa.

Nilidhani sababu ni dharau peke yake. Dharau ipo, lakini mafundi walinionyesha na sababu iliyojificha ndani ya zana. Programu za bure tunazozitumia ziliandikwa na watu ambao lugha zao huweka wingi mwishoni mwa neno. Mashine imezoea kuchukua namba, kuchukua nomino, na kuongeza herufi. Kiswahili hakikubali. Kitabu 1 kimepatikana, vitabu 3 vimepatikana. Mtu 1 amepatikana, watu 3 wamepatikana. Mti 1 umepatikana, miti 3 imepatikana. Ngeli inatawala sentensi nzima, na kiolezo kimoja hakiwezi kutosha. Wengi hukwepa kwa kuandika "matokeo 3 yamepatikana" kila mahali, hata kama kinachotafutwa ni wauguzi. Kijana mmoja pale ofisini aliandika programu ndogo inayohifadhi ngeli ya kila nomino katika hifadhidata na kuunda upatanisho sahihi. Ilimchukua siku nne ambazo hakuna mteja aliyezilipia.

Saa nazo zina mtego wake. Seva inahesabu siku kuanzia usiku wa manane. Mswahili anahesabu kuanzia machweo na macheo. Basi linaloondoka saa 06:00 kwa seva linaondoka saa 12 asubuhi kwa abiria. Mfumo wa tiketi usiozingatia hilo utawaacha watu stendi. Pale kampuni wana kanuni iliyobandikwa ukutani: andika saa zote mbili, na taja asubuhi, mchana, jioni au usiku. Sijaona sera yoyote ya lugha iliyowahi kulinda abiria kama karatasi ile.

Anwani ni siasa

Msomaji wa makala zangu anajua kwamba siamini katika teknolojia isiyo na siasa. Jina la tovuti, ambalo mafundi huliita kikoa, ni mfano mzuri. Desemba 2016 Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa JamiiForums, alikamatwa na kufikishwa mahakamani. Miongoni mwa mashtaka lilikuwemo la kuendesha kikoa kisichosajiliwa Tanzania. Ghafla herufi chache za mwisho wa anwani ya wavuti zikawa suala la jinai. Mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni, zilizowataka wanaochapisha mtandaoni kuwa na leseni, na ada zake kwa pamoja zilizidi shilingi milioni 2. Mwezi Juni mwaka huo baadhi ya majukwaa na blogu yalifungwa kwa muda, na mengine hayakurudi. Mafundi walizima kwa mikono yao tovuti walizozijenga, kwa maelekezo ya wateja walioogopa.

Nalitaja hili kwa sababu mjadala ule uliishia kwenye uhuru wa kujieleza, nao ulistahili. Lakini kulikuwa na hasara nyingine iliyopita kimya. Blogu inapofungwa, yale iliyokwisha kuandika hufungwa pamoja nayo. Gazeti likifungiwa leo, nakala zake za jana zinabaki mikononi mwa watu na katika maktaba. Seva ikizimwa, ya jana na ya leo yanakwenda pamoja.

Kilichopotea na kinachoweza kuokolewa

Mwaka 1888 wamisionari na wanafunzi wa Kiungani, Zanzibar, walianza kuchapa jarida la Msimulizi. Mwaka 1923 serikali ya kikoloni ilianza kuchapa Mambo Leo. Mwaka 1937 Erica Fiah alianzisha gazeti lake la Kwetu, kwa mtaji mdogo na ujasiri mkubwa. Magazeti hayo yanasomeka hadi leo kwa sababu karatasi huvumilia, na kwa sababu watu fulani walilazimika, au waliamua, kuzihifadhi nakala. Sheria yetu ya Bodi ya Huduma za Maktaba ya mwaka 1975 iliendeleza wajibu huo wa wachapishaji kuwasilisha nakala.

Sasa linganisha. Nilipotaka kusoma taarifa ambazo taasisi moja ya umma ilizichapisha kwenye tovuti yake kabla ya mwaka 2010, nilikuta kikoa chake cha zamani hakikulipiwa, kikachukuliwa na mtu asiyejulikana, na sasa kinatangaza michezo ya kubahatisha. Nilichopata ni vipande vilivyonaswa na Internet Archive, shirika la Marekani lililoanza mwaka 1996. Tunaweza kusoma alichoandika mwanafunzi wa Kiungani miaka zaidi ya 130 iliyopita, na hatuwezi kusoma alichoandika ofisa habari wetu katika uhai wa watoto wetu. Tukitaka kujua alichosema, tunapiga hodi ng'ambo.

Mafundi wa ile kampuni hawakushangaa. Walinieleza utaratibu ulivyo. Fundi anasajili kikoa kwa jina lake kwa sababu mteja hana kadi ya benki inayokubaliwa mtandaoni. Mkataba, kama upo, unataja kutengeneza na hautaji kutunza. Bajeti ya taasisi ina fungu la kununua tovuti, kama inavyonunuliwa meza, wala haina fungu la kuiendesha. Fundi anahama, ofisa anahamishwa, mwaka wa kodi unaisha. Hakuna aliyekusudia kuichoma maktaba, na maktaba inaungua.

Kwa hiyo nina mapendekezo manne, nayo hayahitaji fedha nyingi. Kwanza, kikoa cha taasisi kisajiliwe kwa jina la taasisi, na mkataba utamke kwamba msimbo, hifadhidata na nywila hukabidhiwa kwa maandishi, kama funguo za jengo. Pili, kila bajeti ya kutengeneza tovuti iandamane na fungu la mwaka la kuitunza, na ankara za mafundi zilipwe kwa wakati, maana fundi asiyelipwa harudi kusasisha. Tatu, wajibu wa kuwasilisha nakala upanuliwe hadi kwenye tovuti za umma, na maktaba zetu zipewe seva na watu wa kuzinakili kila mwaka. Nne, vijana wa mafunzo kwa vitendo wanaofanya kazi halisi walipwe ujira halisi.

Nimewauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu waanze na lile linalowezekana leo: kila mmoja achague tovuti moja ya wilaya, shule au chama cha ushirika, atafute aliyeitengeneza, aandike ilivyojengwa, kwa zana gani, kwa malipo gani, na iko kwenye seva ya nani. Majibu ya mwanzo yameanza kufika. Katika mengi yao, sehemu ya jina la fundi iko wazi.